Kidole Kilipotangulia Neno: Jinsi ya Kusawazisha Sauti na Picha katika Rekodi za Utafiti

Katika utafiti wangu kuhusu vionyeshi vya mahali, nilimrekodi kwa simu mama mmoja mzee wa hapa Goma. Alisimulia siku ya tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji. Tulikaa nje kwa dakika 40. Kila aliposema hapa, pale au kule, alinyoosha kidole: hapa palikuwa jiko letu, pale kanisa, kule soko. Siku hizi hayo yote yako chini ya mawe meusi. Kilichobaki ni neno lake na kidole chake.

Kompyuta yangu ya zamani ilikataa kufungua faili ile, nikaigeuza kwa programu ya bure niliyoipata haraka. Nilipoanza unukuzi, mwanzo ulikuwa mzuri. Kufikia dakika ya kumi, kidole kilikuwa tayari sokoni ilhali sauti ingali jikoni. Mwishoni picha ilikwisha sekunde nane kabla ya sauti. Kwa anayetazama filamu, hiyo ni kero tu. Kwa mwanafunzi wa isimu ni data ya uongo: ningeandika kwamba msemaji hutumia hapa kwa kitu kilicho mbali, na msimamizi wangu angeniamini.

Hata kosa dogo lina madhara. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu, katika pendekezo lake BT.1359 la mwaka 1998, unakadiria kwamba mtazamaji huanza kugundua kasoro sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, au ikichelewa kwa milisekunde 125. Tunavumilia zaidi sauti inayochelewa, na si ajabu, kwani ndivyo ilivyo duniani. Mtazame mtu anayepasua mawe ya volkano umbali wa mita 170: unaona nyundo imetua, na nusu sekunde baadaye ndipo unasikia mlio. Tena sikio lenyewe hulitegemea jicho. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald walionyesha kwamba mtu akisikia silabi ba huku akiona midomo inayotamka ga, mara nyingi husema amesikia da. Basi anayenukuu kwa kutazama midomo isiyolingana na sauti anaweza kuandika konsonanti ambayo haikutamkwa.

Kabla ya kutibu, ujue ni ugonjwa gani. Tazama mwanzo, katikati na mwisho wa faili.

Ikiwa pengo ni lile lile kote, sehemu moja ilianza kabla ya nyingine. Hutokea programu inapopuuza kwamba ndani ya faili sauti na picha hazikuanza sawia. Dawa yake ni nyepesi. Katika VLC, kwenye Windows au Linux, bonyeza herufi J au K: kila mbonyezo husogeza sauti kwa milisekunde 50. Hesabu mibonyezo mpaka midomo na sauti vikutane. VLC haibadilishi faili, ila imekupa kipimo. Kama sauti inatakiwa kucheleweshwa kwa sekunde 0.4, FFmpeg itatengeneza nakala iliyosahihishwa:

ffmpeg -i asili.mp4 -itsoffset 0.4 -i asili.mp4 -map 0:v -map 1:a -c copy mpya.mp4

Ikiwa pengo linakua kadiri muda unavyokwenda, kusogeza hakutasaidia: utaponya mwanzo na kuumiza mwisho. Hapa kuna sababu tatu za kawaida.

Ya kwanza ndiyo iliyonipata. Simu nyingi hazipigi picha kwa mwendo mmoja. Mwanga ukipungua, mara nyingi hupunguza idadi ya picha kwa sekunde. Hilo si kosa, kwa kuwa katika faili asilia kila picha hubeba saa yake. Kosa hufanywa na programu inayotupa saa hizo na kupanga picha 30 kwa kila sekunde. Rekodi yangu ilikuwa na wastani wa picha 29.9. Tofauti hiyo ndogo, katika dakika 40, ndiyo sekunde zangu nane. MediaInfo ingenionya mapema, kwa kuwa huonyesha kama mwendo wa picha unabadilika. Dawa ni kurudi kwenye faili asilia na kuigeuza kwa kuheshimu saa zake:

ffmpeg -i asili.mp4 -vf fps=30 -c:a copy mpya.mp4

Amri hii hurudia picha au kuiacha pale inapobidi, na muda unabaki ule ule.

Sababu ya pili ni sauti kusomwa kwa kipimo kisicho chake. Sauti yenye sampuli 44,100 kwa sekunde ikisomwa kama 48,000, mahojiano ya dakika 60 huisha kwenye dakika ya 55, na sauti ya msemaji inakuwa nyembamba. Anayechunguza toni za Kinande asiguse data ya namna hiyo.

Sababu ya tatu huwapata wanaorekodi sauti kwa kifaa cha pembeni. Kila kifaa kina saa yake. Saa mbili zikitofautiana kwa sehemu 50 katika milioni, baada ya saa moja pengo ni sekunde 0.18. Piga kofi mbele ya kamera mwanzoni na mwishoni. Makofi hayo mawili yatakuonyesha pengo na ukuaji wake. ELAN, programu ya unukuzi ya Taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, Uholanzi, inaruhusu kusawazisha faili mbili kabla hujaanza kuandika. Lakini husogeza tu, hainyooshi.

Mwenzangu, kuna jambo moja ambalo programu haiwezi kukufanyia: kutunza faili ya kwanza. Mimi nilijaribu siku mbili kuikarabati nakala mbovu, nikivuta na kunyoosha, na sikufaulu, kwa sababu mwendo ulikuwa umebadilika mara nyingi na saa za picha zilikuwa zimeshatupwa. Nilipona kwa kuwa rekodi asilia ilikuwa bado kwenye simu, nami nilikuwa karibu kuifuta ili nipate nafasi. Nakili faili asilia mahali pawili, kisha ndipo ugeuze. Jiko la mama yule lilikuwa mahali fulani kamili. Kidole chake kinapajua, lakini kitatuonyesha tu kikibaki pamoja na neno lake.