Kamera ya Kumpigia Picha Chui Machweoni
Chui wa Serengeti huwinda zaidi gizani, kwa hiyo anaposhuka mtini jua linapozama, ubora wa picha hutegemea zaidi kihisio, yaani bamba dogo linalopokea mwanga ndani ya kamera, kuliko wingi wa megapikseli unaotangazwa madukani. Kihisio kikubwa cha milimita 36 kwa 24 kina eneo zaidi ya mara mbili ya kile kidogo kiitwacho APS-C, hivyo hukusanya mwanga mwingi na kupunguza chengachenga zinazojitokeza ISO, kipimo cha wepesi wa kamera kuitikia mwanga, inapopandishwa hadi 6400. Hata hivyo, kihisio kidogo humfanya mnyama wa mbali aonekane mkubwa pichani, faida isiyostahili kudharauliwa na asiyemudu lenzi ndefu, ambayo mara nyingi hugharimu zaidi kuliko kamera yenyewe.