Kutafuta Kasoro ya Kipimajoto na Kipimaunyevu

Hewa ya Kilosa na hewa ya Mikumi

Wilaya ya Kilosa imo katika Mkoa wa Morogoro. Mji wa Kilosa uko kando ya Mto Mkondoa. Mji wa Mikumi umo katika wilaya hiyo hiyo, upande wa kusini, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964.

Wakati wa masika hewa ya Kilosa hujaa mvuke. Nguo hukawia kukauka, na chumvi iliyoachwa wazi hulowana. Wakati wa kiangazi hali hugeuka. Nyasi za uwanda wa Mkata, huko Mikumi, hukauka kabisa, na cheche moja tu yaweza kuwasha moto mkubwa.

Mvuke wa maji uliomo hewani huitwa unyevuanga. Tunaupima kwa asilimia. Unyevuanga ukiwa asilimia 100, hewa imebeba mvuke wote inaoweza kuubeba katika joto lile. Ukiwa asilimia 50, imebeba nusu tu. Hewa ya moto huweza kubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi.

Kwa nini tunapima?

Mkulima wa Kilosa akishavuna mahindi huyaanika, kisha huyaweka ghalani. Hewa ya ghalani ikikaa na unyevuanga unaozidi asilimia 70 kwa siku nyingi, mahindi hunyonya unyevu na kuota ukungu. Ukungu wa aina fulani hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, wala haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 watu kadhaa wa mikoa ya Dodoma na Manyara walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa katika chakula.

Sasa fikiri: ikiwa unyevuanga wa ghalani ni asilimia 85, lakini chombo kinaonyesha 55, mkulima atafanya nini? Atafunga mlango na kwenda zake kwa amani. Kwa hiyo yatupasa kujua mambo mawili: namna ya kusoma chombo, na namna ya kutambua kwamba chombo kina kasoro.

Chombo hufanyaje kazi?

Maji ya mtungini huwa baridi hata siku ya jua kali. Sababu ni kwamba maji kidogo hupenya udongo wa mtungi, hufika nje na kugeuka mvuke. Maji yanapogeuka mvuke huchukua joto la mtungi.

Kipimaunyevu cha kawaida hutumia jambo hilo hilo. Kina vipimajoto viwili vilivyowekwa sambamba. Kimoja ni kikavu. Cha pili kimefungwa utambi wa pamba chini yake, na ncha ya utambi imetumbukizwa katika kikombe cha maji. Hiki tutakiita kipimajoto kibichi. Hewa ikiwa kavu, maji ya utambi hugeuka mvuke upesi, na kipimajoto kibichi hushuka sana. Hewa ikiwa na mvuke mwingi, hushuka kidogo tu.

Tazama jedwali hili. Kipimajoto kikavu kinaonyesha nyuzi 30 za Sentigredi. Namba za unyevuanga ni za kukadiria.

| Kipimajoto kibichi | Tofauti | Unyevuanga |
|---|---|---|
| Nyuzi 30 | 0 | Asilimia 100 |
| Nyuzi 27 | 3 | Asilimia 80 |
| Nyuzi 24 | 6 | Asilimia 60 |
| Nyuzi 21 | 9 | Asilimia 45 |

Tutafuteje kasoro?

Tuseme kwamba wanafunzi wa shule moja karibu na Kilosa wanasoma chombo chao saa nane mchana, mwezi wa Septemba. Kipimajoto kikavu kinaonyesha nyuzi 30. Kipimajoto kibichi nacho kinaonyesha nyuzi 30. Kwa jedwali letu, unyevuanga ni asilimia 100. Lakini nje majani makavu yanavunjikavunjika miguuni, na nguo zilizoanikwa asubuhi zimekwisha kukauka. Je, hewa inaweza kujaa mvuke huku nguo zikikauka upesi? Haiwezekani. Chombo kina kasoro.

Wanafunzi wasikitupe chombo, wala wasibadili kila kitu kwa mara moja. Wafuate hatua, wakianza na iliyo rahisi.

1. *Tazama maji na utambi.* Kikombe kikiwa kitupu utambi hukauka, na kipimajoto kibichi huwa kama kile kikavu. Hii ndiyo kasoro ya wanafunzi wetu. Wakitia maji na kungoja mpaka namba itulie, watakuta kipimajoto kibichi kimeshuka.

2. *Tazama kama utambi ni safi.* Vumbi na chumvi huzuia maji kupanda na kugeuka mvuke vizuri. Badili utambi uliochakaa. Tumia maji safi ya mvua, si maji ya kisima chenye chumvi.

3. *Linganisha vipimajoto viwili.* Ondoa utambi, kausha, na uviache vyote viwili kivulini mahali pamoja. Sasa lazima vionyeshe namba moja. Kama vinatofautiana, kimoja si sahihi. Huenda uzi wa kimiminiko ulio ndani umekatika vipande. Mwonyeshe mwalimu. Usikitie kipimajoto cha hewa katika maji yanayochemka, kwa maana kitapasuka. Na kama ndani yake mna zebaki, usiiguse kamwe. Zebaki ni sumu.

4. *Tazama mahali kilipowekwa.* Chombo kilichopigwa na jua hupima joto la jua lililokiangukia, si joto la hewa. Ndiyo maana katika vituo vya hali ya hewa vipimajoto huwekwa ndani ya kibanda cha Stevenson. Kibanda hiki kimepakwa rangi nyeupe, na kuta zake zina nafasi za kupitishia hewa. Vipimajoto hukaa kati ya mita 1.25 na mita 2 kutoka ardhini.

Baada ya kila hatua, soma tena na uandike namba. Ukibadili mambo matatu kwa pamoja, chombo chaweza kupona, lakini hutajua kilikuwa na ugonjwa gani.

Vihisi vya umeme

Siku hizi viko pia vipimaunyevu vya umeme. Ndani yake mna kihisi, yaani kidude kidogo kinachohisi joto na unyevu. Sehemu moja hupima joto. Sehemu nyingine ina utando mwembamba unaonyonya mvuke wa hewa. Katika nyumba na maghala mengine, kihisi huunganishwa kwa nyaya na kompyuta ndogo sana, inayoweza kukaa kiganjani. Kompyuta hiyo husoma namba, na unyevu ukizidi huwasha feni yenyewe.

Chombo hiki nacho hupatwa na kasoro. Namba isipoonekana kabisa, huenda betri imekwisha au waya umelegea. Namba ikikaa pale pale siku nzima, huenda utando umelowa au umejaa vumbi.

Kasoro moja hudanganya watu wengi. Kihisi kikifungwa katika kisanduku kimoja na kompyuta yake, joto la kompyuta hukipasha. Hewa inayokizunguka ikipata moto, unyevuanga wake hushuka. Hivyo kihisi hutangaza joto kubwa kuliko la ghalani, na unyevu mdogo kuliko wa ghalani. Feni haiwaki, na mahindi huota ukungu. Dawa yake ni rahisi: kihisi kitolewe nje ya kisanduku, kikae mbali kidogo na kompyuta, mahali hewa inapopita.

*Angalia:* Usifungue chombo kilichounganishwa na umeme wa ukutani.

Jaribio: Kupima kipimaunyevu kwa chumvi

*Vitu vinavyotakiwa:* kopo kubwa lenye kifuniko kinachobana, kifuniko cha chupa, chumvi ya kupikia, maji kidogo, na kipimaunyevu kidogo cha betri.

*Namna ya kufanya:*

1. Jaza chumvi katika kifuniko cha chupa. Tia matone machache ya maji, ukoroge mpaka iwe kama uji mzito. Chumvi isiyeyuke yote.
2. Weka kifuniko hicho ndani ya kopo. Weka kipimaunyevu kando yake, kisiguse chumvi.
3. Funga kopo. Liweke kivulini mpaka kesho yake.
4. Soma namba bila kufungua kopo. Kama kopo halionyeshi ndani, fungua na usome upesi.

*Utaona nini?* Hewa iliyofungiwa pamoja na chumvi mbichi huwa na unyevuanga wa asilimia 75 hivi. Chombo kizuri kitaonyesha namba iliyo karibu na 75. Kikionyesha 80, andika juu yake: "Toa 5." Kikionyesha 50 au 95, kisitumiwe ghalani.

Mambo ya kukumbuka

Chombo ni msaidizi wa macho na akili yako. Hakichukui nafasi yake. Namba isiyopatana na yale unayoyaona iulizwe. Anza na kasoro iliyo rahisi, badili jambo moja kwa wakati mmoja, na uandike kila unachokiona.

Maswali

1. Kwa nini maji ya mtungini huwa baridi?
2. Kipimajoto kikavu kinaonyesha nyuzi 30, na kibichi nyuzi 24. Unyevuanga ni asilimia ngapi?
3. Utambi wa kipimajoto kibichi umekauka. Je, chombo kitaonyesha kuwa hewa ina unyevu mwingi au mdogo kuliko ulivyo kweli? Eleza.
4. Eleza kwa nini chombo cha ghalani kinachoonyesha unyevu mdogo kuliko uliopo chaweza kuhatarisha maisha ya watu.
5. Waulize wazee wa kwenu: walijuaje kwamba mahindi yamekauka vya kutosha kabla ya kuyaweka ghalani? Andika majibu yao, kisha myajadili darasani.