Rufaa ya Mnyonge na Hesabu ya Siku

Mwezi wa Novemba 1934, katika mji wa Charleston, jimbo la South Carolina, walikamatwa askari wawili wa kikosi cha Marine cha Marekani waliokuwa likizoni. Walidaiwa kutumia noti 4 za bandia za dola 20, na kupatikana na noti nyingine 21 za namna hiyo hiyo. Hawakuwa na fedha za dhamana, basi wakakaa rumande. Hawakuwa na ndugu wala rafiki katika mji ule, makwao yalikuwa katika majimbo ya mbali, na elimu yao ilikuwa haba. Katika uchunguzi wa kwanza walikuwa na wakili. Kesi yenyewe ilipofika hawakuwa na uwezo wa kumwajiri.

Tarehe 23 Januari 1935 waliletwa mbele ya mahakama. Siku hiyo hiyo walisomewa mashtaka, wakakana, wakasikilizwa bila wakili, wakatiwa hatiani, na kila mmoja akapewa kifungo cha miaka minne na nusu. Baada ya siku mbili walipelekwa katika gereza la serikali lililoko Atlanta, Georgia. Huko waliwekwa peke yao kwa siku 16, wasiruhusiwe kusema na mtu yeyote isipokuwa maofisa wa gereza.

Sasa, ndugu msomaji, na tufanye hesabu. Kanuni za wakati ule zilimpa mtu aliyehukumiwa siku 3 za kuomba kesi yake isikilizwe upya, na siku 5 za kukata rufaa. Watu hawa walifungiwa siku 16. Walipopata nafasi ya kuomba rufaa, mwezi wa Mei mwaka ule, walijibiwa kwamba wamechelewa. Sheria iliwapa haki kwa mkono mmoja, na gereza likashika funguo kwa mkono wa pili.

Kabla ya kuendelea yafaa tueleze jambo moja. Nchi ya Marekani ina mahakama za aina mbili. Kila jimbo lina zake, nazo ndizo zinazohukumu wizi, ugomvi na mauaji ya kawaida. Lakini makosa yanayoihusu serikali ya shirikisho yenyewe, kama vile kughushi fedha, kuharibu posta, kukwepa forodha au kuvunja sheria za uhamiaji, husikilizwa na mahakama za shirikisho. Mahakama hizo za mwanzo ziko katika wilaya 94. Juu yake ziko mahakama za rufaa, na juu ya zote iko Mahakama ya Juu yenye majaji 9.

Watu wengi hudhani kwamba haki ya kukata rufaa ilizaliwa pamoja na katiba ya nchi ile. Sivyo. Mahakama za shirikisho ziliundwa mwaka 1789, na kwa miaka ipatayo mia moja mtu aliyetiwa hatiani humo kwa jinai hakuwa na njia ya kawaida ya rufaa. Mwaka 1889 Bunge la Marekani lilitoa rufaa kwa wale waliohukumiwa kifo, na mwaka 1891 likaunda mahakama za rufaa tunazoziona leo. Hata baada ya hapo, mwaka 1894, Mahakama ya Juu ilitamka kwamba rufaa si haki inayotoka katika katiba, bali ni haki inayotolewa na sheria. Yaani kilichotolewa na sheria chaweza kuwekewa masharti na sheria, na sharti la kwanza ni muda.

Turudi kwa wale askari. Mlango wa rufaa ulipofungwa, walipita mlango mwingine ulio wa kale zaidi: ombi la mfungwa kwamba mahakama ichunguze kama amefungwa kwa njia ya halali. Shauri lao lilifika Mahakama ya Juu kwa jina la mmoja wao, Johnson, dhidi ya mkuu wa gereza la Atlanta, Zerbst. Tarehe 23 Mei 1938 Jaji Hugo Black alisoma hukumu iliyobadili mambo. Alieleza kwamba katika jinai ya shirikisho, mshtakiwa asiye na wakili, na ambaye hakuikataa haki hiyo kwa kujua na kuelewa, hawezi kuhukumiwa kifungo kwa halali. Kunyamaza kwake mbele ya hakimu si kukubali. Shauri likarudishwa chini ili ichunguzwe kama watu wale waliiacha haki yao kwa hiari na kwa akili timamu.

Jaji Black alisema neno ambalo kila mfanyakazi angelielewa bila kufundishwa: kwamba mtu wa kawaida hana ujuzi wa kujitetea mbele ya mwendesha mashtaka aliyesomea kazi hiyo. Lakini mawakili waliowekwa na mahakama baada ya hapo walifanya kazi bila ujira kwa miaka mingi. Ni mwaka 1964 tu ndipo Bunge lilipopitisha sheria ya kuwalipa wanaowatetea maskini katika mahakama za shirikisho.

Je, rufaa yenyewe huendeshwaje? Wengi hudhani kwamba ni kesi kuanza upya. La, hasha. Majaji wa rufaa hukaa watatu. Hawamwiti shahidi, wala hawapokei ushahidi mpya. Husoma kumbukumbu za kesi ya chini, husoma hoja za maandishi za pande zote mbili, na pengine huwasikiliza mawakili kwa dakika chache. Hawaulizi, "Je, sisi tungalimhukumu mtu huyu?" Huuliza, "Je, palikuwa na kosa la sheria, na kosa hilo lilimdhuru?" Kosa lisilodhuru huachwa. Tena kosa ambalo wakili hakulipinga pale pale, hakimu alipokuwa akilifanya, huwa gumu sana kusahihishwa baadaye. Lazima liwe dhahiri, liwe limegusa haki ya mshtakiwa, na liwe la kuitia doa heshima ya mahakama.

Upande wa pili wa mizani nao una sheria yake. Mtu akiachiliwa na juri, yaani wananchi walioteuliwa kusikiliza kesi, serikali haiwezi kukata rufaa ili ahukumiwe tena kwa shtaka lile lile. Hii ni ngao kubwa, na yafaa kusifiwa. Aliyeshindwa katika rufaa aweza kubisha hodi Mahakama ya Juu, lakini huko hakuna haki ya kupokelewa; shauri husikilizwa majaji 4 kati ya 9 wakikubali.

Basi twaona kwamba kila hatua yahitaji mtu wa kuandika, wa kusoma na wa kuangalia kalenda. Kalenda ndiyo iliyomkamata mtu mwingine, na ajabu ni kwamba naye alikuwa katika gereza lile lile la Atlanta. Alihukumiwa na mahakama ya shirikisho huko Florida tarehe 15 Januari 1962. Alikuwa amepooza miguu, akitembea kwa kiti cha magurudumu. Muda wa rufaa wakati ule ulikuwa siku 10. Aliandika barua ya kukata rufaa yenye tarehe 23 Januari, akaikabidhi gerezani. Barua ilimfikia karani wa mahakama tarehe 29, siku 4 baada ya muda kwisha. Mahakama ya rufaa ikamwambia amechelewa.

Mwaka 1964 Mahakama ya Juu ilikataa hesabu hiyo. Mtu aliye kifungoni, alisema Jaji mmoja baada ya mwingine kwa maana hiyo, hana miguu ya kwenda kwa karani wala posta yake mwenyewe. Akifanya yote awezayo kwa wakati, asiadhibiwe kwa uzembe wa wengine. Mwaka 1988 mahakama ile iliweka kanuni wazi kwamba notisi ya rufaa ya mfungwa asiye na wakili huhesabiwa imefika siku alipoikabidhi kwa maofisa wa gereza. Na leo muda wa mshtakiwa katika jinai za shirikisho ni siku 14. Kutoka mwaka 1935 hadi 1988 ni miaka 53. Imechukua miaka hiyo yote kukiri kwamba siku za mtu huru na siku za mfungwa hazina urefu mmoja.

Wala tusidhani kwamba mambo yamekwisha. Kulikuwa na mtu aliyeshtakiwa Texas kwa kurudi Marekani baada ya kufukuzwa. Ofisa aliyepiga hesabu ya makosa yake ya zamani alilihesabu kosa moja mara mbili. Kwa hesabu hiyo mbovu, adhabu iliyopendekezwa ilikuwa baina ya miezi 77 na 96. Kwa hesabu sahihi ingalikuwa baina ya 70 na 87. Alipewa 78. Wakili wake hakulipinga kosa lile mapema. Mahakama ya rufaa ilikiri kwamba kosa lipo na ni dhahiri, lakini ikasema si kubwa kiasi cha kuitikisa dhamiri. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu, kwa majaji 7 dhidi ya 2, ilisema kwamba kosa la namna hiyo kwa kawaida lapaswa kusahihishwa, kwani mtu asikae gerezani hata siku za ziada kwa sababu karani amekosea kujumlisha.

Tena liko jambo ambalo hukumu nzuri hazijalifikia. Katika mahakama za shirikisho, zaidi ya watu 90 kwa kila 100 wanaotiwa hatiani hukiri wenyewe, wengi kwa mapatano na mwendesha mashtaka ili wapate nafuu ya adhabu. Na katika mapatano mengi huandikwa kwamba mshtakiwa ameacha haki yake ya kukata rufaa. Mtu aliye rumande, mwenye watoto nyumbani na hofu ya kifungo kirefu, huwekewa karatasi mbele yake na kalamu mkononi. Watetezi wa utaratibu huu husema kwamba huokoa wakati na fedha, na kwamba makubaliano ni makubaliano. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kila mfanyakazi aliyepata kutia sahihi mkataba huku njaa ikimngoja mlangoni ajua kwamba sahihi si hiari sikuzote. Jaji Black alisema kwamba haki huachwa kwa kujua na kuelewa. Kipimo hicho cha mwaka 1938 ndicho kingefaa kuwekwa juu ya karatasi hizi za leo.

Wahenga walisema mnyonge hana haki. Hawakusema hivyo kwa kupenda, bali kwa kuona. Askari wale wawili walikuwa na rufaa ya siku 5 katika kitabu cha sheria, na siku 16 nyuma ya mlango wa chuma. Anayetaka kujua kama nchi fulani ina haki ya rufaa, asitosheke kusoma kitabu. Na aulize pia nani anayemwandikia mfungwa barua, na nani anayeipeleka.