Je, Wajua? Spiriti, Kidonda na Maji ya Tanganyika

Je, wajua kwa nini spiriti huchoma kidonda kama moto? Kwenye mishipa ya fahamu kuna vipokezi vinavyotoa taarifa ya kuungua pale joto linapofika nyuzi 42 hivi. Mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba ethanoli, kileo kilichomo kwenye spiriti, hushusha kiwango hicho hadi karibu nyuzi 34, na damu yetu ina nyuzi 37. Mwili unajihisi unaungua kwa joto lake wenyewe. Vipokezi hivyohivyo ndivyo huamshwa na pilipili. Kwa hiyo anayekwambia "vumilia, inachoma kwa sababu inaua wadudu" anakutesa bure: maumivu hayapimi uwezo wa dawa.

Na kuna hasara. Spiriti haichagui. Inaua bakteria, na inaua pia chembe hai za nyama mbichi, zilezile zinazotakiwa kuziba jeraha. Mvuvi wa Kibirizi au Katonga, kule Kigoma, aliyechanwa na ndoana au kuchomwa na mwiba wa samaki atasaidika zaidi kwa maji safi mengi yanayotiririka, sabuni kuzunguka jeraha, na kitambaa safi cha kufunikia. Maji hayo yawe ya bomba, au yaliyochemshwa yakapoa. Kuchota pale ufukweni ni kubahatisha, maana pwani za Ziwa Tanganyika zina kichocho, na vimelea vyake hupenya hata ngozi nzima.

Ukiumwa na mbwa, osha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 bila kukatisha, kisha nenda ukachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo.

Je, wajua kwamba mmisionari David Livingstone, kabla ya kukutana na mwandishi wa habari Stanley pale Ujiji mwaka 1871, alifungiwa ndani na vidonda vya miguu? Ilikuwa mwaka 1870, Bambarre katika nchi ya Manyema, ng'ambo ya ziwa. Vidonda vilimla miguu kwa miezi, naye alikuwa daktari. Kilichomsaidia, aliandika, ni malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, lililosagwa kwa maji juu ya jiwe na kupakwa kwa unyoya. Leo tunajua kwamba shaba huua bakteria.

Kuna kiumbe ambacho spiriti haikiwezi kabisa: mbegu ya bakteria wa pepopunda. Inakaa kwenye udongo na samadi, ina ganda gumu, na unaweza kuiloweka kwenye spiriti isife. Kinga yake ni chanjo. Mtu aliyekanyaga msumari mwaloni aulizwe kwanza alichanjwa lini.

Mahali pa spiriti ni ngozi nzima, kwa mfano kabla ya sindano. Hapo Shirika la Afya Duniani linataka iwe ya asilimia 60 hadi 70, ipakwe kwa sekunde 30, kisha iachwe ikauke yenyewe. Wengi hushangaa kwamba iliyo kali zaidi, karibu asilimia 100, hufanya kazi vibaya zaidi. Protini za bakteria huharibika upesi pale maji yanapokuwepo.

Shirika hilohilo linakataza kuloweka pamba nyingi ndani ya kopo moja na kuchovya siku nzima, kwani kopo hilo hugeuka makazi ya vijidudu vya mikono. Linakataza pia methanoli kwenye ngozi. Hapa wavuvi wa dagaa wasikilize kwa makini: spiriti ya kuwashia karabai huchanganywa na methanoli mara nyingi, na rangi ya zambarau hutiwa ili watu wasiinywe. Ibaki kwenye taa.

Mwisho, mtoto mwenye homa. Akina mama wengi wamefundishwa kumpaka spiriti mwili mzima ili apoe. Ngozi yake ni nyembamba, nayo mapafu huvuta mvuke. Kileo kikiingia kwenye damu, sukari yake hushuka, naye anaweza kulegea, kulala usingizi usio wa kawaida, hata kupoteza fahamu. Mpunguzie nguo, mpe anyonye, mpeleke akapimwe malaria. Ikiwa amekwisha kupakwa na sasa haamki vizuri, asisubiri kupambazuke: apelekwe zahanati iliyo karibu, au hospitali ya Maweni kwa walioko Kigoma mjini, na chupa ile ibebwe ili mganga asome ilikuwa na nini.