Madoa ya Meno: Jueni Asili Yake Kabla ya Kuyasugua

Mzee mmoja alifika katika ofisi yetu ya kilimo hapa Hulugho kuuliza habari za chanjo ya mbuzi. Alifuatana na binti yake wa miaka 12, ambaye kila aliposema neno alijifunika mdomo kwa mtandio. Mzee alipokwisha kujibiwa habari za mbuzi, alisema, "Mwalimu, na meno ya huyu je? Nimeyasugua kwa majivu na mchanga laini hata ufizi ukatoka damu, wala rangi haitoki. Wenzake humwambia kuwa ni mchafu."

Meno ya mtoto yule hayakuwa na uchafu. Yalikuwa na mistari meupe na madoa ya kahawia, na yote yalikuwa safi. Nikamwuliza mzee walikokaa zamani. Akasema kwamba mtoto alizaliwa Naivasha, akakaa huko hata alipotimiza miaka 7, wakinywa maji ya kisima.

Jambo hili lawahusu wakulima wote wanaohamia mashamba mapya na kuchimba visima vipya. Kwa hiyo yafaa tulieleze.

MADOA NI YA NAMNA MBILI

Namna ya kwanza ni madoa yaliyo juu ya jino. Huletwa na chai ya rangi, kahawa, tumbaku na miraa. Ukoga unaobaki juu ya meno hushika rangi hizo, na usipoondolewa kila siku huganda ukawa mgumu, kama ile chokaa inayoganda ndani ya birika la chai. Madoa haya yaweza kuondolewa.

Namna ya pili ni madoa yaliyo ndani ya jino lenyewe. Meno ya ukubwani hutengenezwa ndani ya taya tangu mtoto azaliwapo hata afikapo miaka 8 hivi. Kitu kikiyadhuru wakati huo, huota yakiwa na alama tayari. Ni kama tofali: likikwisha kuchomwa, huwezi kubadili udongo wake kwa kulisugua.

FLORAIDI KATIKA MAJI

Mwaka 1901 mganga wa meno aitwaye Frederick McKay alianza kazi katika mji wa Colorado Springs, Marekani, akaona wenyeji wengi wana meno ya kahawia. Alitafuta sababu kwa miaka mingi. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill alipima maji ya mji wa Bauxite, ambako watoto walikuwa na madoa kama hayo, akakuta madini ya floraidi kwa wingi. Kosa halikuwa la watoto wala la mama zao. Lilikuwa katika maji.

Huku kwetu jambo hili lajulikana sana katika Bonde la Ufa, kama vile Nakuru na Naivasha, na huko Tanzania katika nchi ya Arusha, kando ya Mlima Meru. Miamba ya volkano hutoa floraidi, nayo maji ya chini ya ardhi huichukua. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi katika lita moja. Mwaka 1974 Tanzania iliruhusu hata miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa sababu watu wengi hawakuwa na maji mengine. Mtaona jinsi shida hii ilivyo kubwa.

Floraidi kidogo huyaimarisha meno, ndiyo maana hutiwa katika dawa ya meno. Ikizidi kidogo, jino huwa na madoa meupe. Ikizidi sana, huwa la kahawia na kuchimbika. Tena mtu akinywa maji mabaya sana kwa miaka mingi, huweza kupata maumivu na ulemavu wa mifupa. Mifugo nayo hudhurika: meno yake huisha upesi, ikashindwa kula vizuri, ikakonda.

DAWA NA AJALI

Wafugaji, angalieni jambo hili pia. Dawa za namna ya tetrasaiklini, ambazo twazitumia sana kwa mifugo, huyatia rangi ya manjano au ya kijivu meno ya mtoto yanayotengenezwa. Msimpe kamwe mtoto wala mama mwenye mimba dawa ya mifugo. Na maziwa ya mnyama aliyedungwa sindano yasinywewe mpaka zipite siku zilizoandikwa juu ya chupa.

Jino moja peke yake likigeuka rangi baada ya mtu kuanguka au kupigwa, huenda limekufa ndani. Jino lenye doa jeusi na shimo limeoza, nalo halitaki kung'arishwa bali kutibiwa.

NJIA ZA KUNG'ARISHA MENO

1. Pigeni mswaki mara mbili kila siku, hasa kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Mtoto wa miaka 3 hadi 6 atiwe dawa kiasi cha punje ya njegere tu, naye aiteme. Aliye chini ya miaka 3 atiwe kiasi cha punje ya mchele.

2. Mti wa mswaki, ambao Wasomali huuita caday, ni mzuri. Ukateni ukiwa mbichi, mtafune ncha mpaka iwe laini, na kuikata ncha hiyo inapochakaa. Msisahau meno ya nyuma na upande wa ndani.

3. Mkisha kula miraa au kunywa chai, sukutueni kwa maji. Punguzeni sukari katika chai hiyo, kwani ndiyo inayoozesha meno.

4. Ukoga ulioganda hauondoki kwa mswaki. Mganga wa meno ana vyombo vya kuukwangua.

5. Mtu mzima mwenye madoa ya ndani aweza kutiwa na mganga dawa ya kung'arisha, au jino likafunikwa. Dawa hiyo huweza kuyafanya meno yahisi baridi na moto kwa muda.

Msitumie mchanga, majivu, mkaa, ndimu wala maji ya betri. Vitu hivi hula lile gamba gumu la jino, nalo likiisha halioti tena. Maji ya betri huunguza kinywa na koo, nayo huweza kuua.

MAJI YAPIMWE

Floraidi haina rangi wala harufu, na maji matamu na maangavu huweza kuwa nayo. Kuyachemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji hupungua, yenyewe hubaki. Tena visima viwili vilivyo karibu huweza kutofautiana.

Basi kisima kipya kikichimbwa, kamati ya maji iombe kipimo cha kemikali kwa ofisi ya maji, kisha mtazame katika karatasi ile mstari wa floraidi. Ikipita 1.5, maji ya mvua yawekwe kwa kunywa na kupikia, na watoto wadogo wapewe kwanza. Maji ya kisima yatumiwe kwa kufua na kuoga. Maji ya lambo yachemshwe kwa ajili ya vijidudu. Iko pia michujo ya mkaa wa mifupa, kama itumiwayo Nakuru, lakini ni lazima mkaa ubadilishwe unapochoka.

Nilimshauri mzee aache kumsugua binti yake siku ile ile, ampeleke kwa mganga wa meno, na awaambie majirani kwamba mtoto si mchafu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na mdogo wake je? Ana miaka miwili, naye anakunywa maji ya kisima chetu kipya." Nikamwuliza kama kisima hicho kimepimwa. Hakujua. Ninyi nanyi, wakulima wenzangu, iulizeni kamati yenu iwaonyeshe karatasi ya kipimo.