Kuinua Motokaa si Kuiimarisha: Springi za Gari la Kwenda Porini

Mwaka wa 1989 yalianzishwa katika Kenya mashindano ya motokaa yaitwayo Rhino Charge, ambayo fedha zake zilisaidia kujenga ua wa umeme kuzunguka misitu ya Aberdare. Ua huo ulimalizika mwaka wa 2009. Katika mashindano hayo mshindi si yule aendaye mbio kuwapita wenzake. Kila motokaa hutakiwa kufika katika vituo 13 kwa muda wa saa 10, na yule avifikiaye vyote kwa mwendo mfupi kabisa ndiye ashindaye. Kwa hiyo madereva huiacha barabara, wakakata moja kwa moja katika makorongo, vichaka na majabali.

Mtu azitazamapo motokaa hizo, jambo la kwanza alionalo ni kwamba nyingi zimeinuka juu kuliko magari ya kawaida. Basi huenda akadhani kwamba siri yote imo katika kuinuka huko, akamwendea fundi na kumwambia, "Niinulie gari langu." Fundi asiye mwangalifu huliinua siku ile ile, naye mwenyewe huondoka kwa furaha. Lakini gari lililoinuliwa vibaya hupotea usukani, hukata mipira ya breki, na hupinduka mahali ambapo zamani lilipita salama. Yafaa kila mwenye gari ajue kwanza kazi ya springi, ndipo aamue kuzibadili.

KAZI YA SPRINGI

Springi huchukua uzito wa gari na kuyawezesha magurudumu kupanda na kushuka bila kulitikisa gari zima. Hayo yajulikana na wengi. Lakini porini iko kazi nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni kuyaweka magurudumu yote manne juu ya ardhi. Gurudumu linaloning'inia hewani halivuti kitu. Tena, katika gari la kawaida, difu, yaani gia zilizo katikati ya ekseli, hugawa nguvu sawasawa kwa magurudumu mawili. Basi moja likiwa hewani huzunguka bure, na lile lililo juu ya ardhi hukosa nguvu ya kulisukuma gari. Ndiyo sababu lori lenye injini kubwa huweza kukwama katika shimo dogo.

Springi za magari haya ni za namna mbili. Ya kwanza ni springi ya mabamba, yaani vipande virefu vya chuma vilivyopindwa na kupangwa kimoja juu ya kingine. Land Rover ya kwanza, iliyoonyeshwa Amsterdam mwaka wa 1948, ilikuwa na springi za namna hii mbele na nyuma. Namna ya pili ni springi ya koili, ambayo ni chuma kilichozungushwa mfano wa nyoka aliyejikunja. Land Rover iliyoitwa One Ten ilitoka na koili mwaka wa 1983. Nazo Toyota Land Cruiser za kazi nzito, za jamii ya 70 iliyoanza mwaka wa 1984, zilipata koili mbele mwaka wa 1999, lakini nyuma zikabaki na mabamba. Mabamba huchukua mzigo mkubwa na hutengenezeka kwa urahisi. Koili ni laini zaidi, na huliacha gurudumu lishuke mbali zaidi kuifuata ardhi.

Pamoja na springi iko shokomzoba. Chombo hiki hakichukui uzito wa gari, kama wadhanivyo wengine. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurusha gari kama mpira uliodundishwa. Katika barabara ya murramu yenye matuta madogo madogo, shokomzoba hupanda na kushuka mara nyingi sana, mafuta yaliyomo ndani yakapata moto na kufanya povu. Hapo hushindwa kufanya kazi, na gari huanza kuteleza upande upande kana kwamba liko juu ya matope. Dawa yake ya kwanza ni dereva kupunguza mwendo na kuiacha ipoe.

KUPIMA KABLA YA KUBADILI

Kabla ya kununua chochote, gari liegeshwe mahali palipo sawa. Kipimo kichukuliwe kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, katika pembe zote nne, na hesabu ziandikwe. Upande mmoja ukiwa chini kuliko wa pili, huenda springi imelegea au bamba limevunjika. Bushi nazo zitazamwe kama zimelika. Mara nyingi gari lidhaniwalo kuwa ni fupi ni gari lililochoka tu, na likipata springi mpya za kipimo chake cha asili hurudia urefu wake.

Kisha mzigo uhesabiwe. Lita 200 za maji zina uzito wa kilo 200, kabla ya kupakia mafuta, hema, vyakula na watu. Gari linalochukua mzigo huo siku zote lahitaji springi ngumu zaidi. Lakini gari linalokwenda tupu siku tano na kupakiwa siku moja likiongezwa bamba, litaruka ruka siku zile tano. Springi ngumu isiyo na mzigo haikunjuki kuifuata ardhi, na gurudumu hubaki hewani. Hivyo mtu aweza kulipa fedha ili gari lake likwame upesi zaidi.

NJIA ZA KUINUA

Iko njia nzuri, na ziko njia za mkato. Njia nzuri ni kuweka springi mpya zilizotengenezwa kwa urefu na uzito unaotakiwa, pamoja na shokomzoba zilizopimwa kufuatana nazo.

Njia moja ya mkato ni kurefusha kile kipande kinachobembea mwishoni mwa springi ya mabamba. Kikirefushwa sentimita 10, gari huinuka kama sentimita 5 tu, maana ni ncha moja ya springi iliyosogezwa. Tena ekseli huinama na kuacha mahali pake pa haki. Njia ya pili ni kuweka kibao cha chuma kati ya springi na ekseli. Kibao hicho humpa adui wenzo mrefu: dereva akanyagapo mafuta au breki, ekseli hujaribu kujizungusha na kuipinda springi. Kwa ekseli ya mbele kibao kisitumiwe kamwe, na popote pale vibao viwili visipandanishwe.

Iko pia desturi ya kupeleka springi kwa mhunzi ili izidishwe kupindwa. Chuma cha springi kina ugumu uliopatikana kwa kukipasha moto na kukipoza kwa kipimo. Kikipashwa moto ovyo ugumu huo hupotea. Springi hulala tena baada ya muda mfupi, au huvunjika. Kwa sababu hiyo hiyo bamba lililovunjika halifai kuungwa kwa kulehemu.

Tena lazima ifahamike kwamba springi ndefu huinua bodi, wala haziinui difu. Katika gari lenye ekseli nzima, difu imo ndani ya ekseli, na ekseli hukaa juu ya magurudumu. Kitu kiwezacho kuiinua ni tairi kubwa tu. Na tairi likizidi sentimita 10 kwa upana wa duara lake, difu huinuka sentimita 5. Faida kubwa ya kuinua bodi ni kupata nafasi ya matairi hayo, na kuliepusha tumbo la gari na mawe.

MAMBO YANAYOFUATA

Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Springi zikibadilishwa, kila kitu kilichounganishwa nazo hubadilika pia, na fundi asiyekagua huacha mahali pembamba pasipoonekana. Mambo yafuatayo hayana budi kutazamwa:

1. Mipira ya breki. Chesisi iinuliwe kwa jeki na kuwekewa vizuizi imara, magurudumu yaning'inie kabisa, kisha usukani uzungushwe hadi mwisho pande zote mbili. Mpira ukivutika, sharti uwekwe mrefu zaidi.

2. Shokomzoba. Isiwe fupi hata ikavutwa kwa nguvu gurudumu lishukapo, wala ndefu hata ikagonga mwisho wake lipandapo. Raba ya kikomo ndiyo ipaswayo kuguswa kwanza.

3. Usukani. Magurudumu ya mbele yamewekwa kwa mwinamo mdogo wa kuelekea nyuma, kama uma wa mbele wa baiskeli. Mwinamo huo ndio urudishao usukani katikati baada ya kona. Ukipungua, gari hutangatanga barabarani. Kwa springi za mabamba husahihishwa kwa kabari za chuma.

4. Propela. Viungo vyake vikikunjwa kupita kiasi hutetemeka na kufa mapema.

5. Vali ya breki za nyuma. Baadhi ya magari ya mizigo yana vali ipimayo mzigo kwa kutazama bodi imeshuka kiasi gani. Bodi ikiinuliwa, vali hudhani kwamba gari ni tupu, ikapunguza nguvu ya breki za nyuma hata kama gari limejaa. Sharti irekebishwe.

6. Bolti zenye umbo la U, zifungazo springi kwenye ekseli. Ziwekwe mpya, na zikazwe tena baada ya safari ya kwanza. Zikilegea, bolti ya katikati hukatika, na ekseli husogea ikiwa gari liko mwendoni.

HATARI YA KUPINDUKA

Tuseme nusu ya upana kati ya magurudumu ni sentimita 70, na kitovu cha uzito wa gari kiko sentimita 70 juu ya ardhi. Kwa hesabu, gari hilo likisimama ubavuni mwa mlima litapinduka mteremko ufikapo digrii 45. Kitovu kikiinuliwa sentimita 10, litapinduka katika digrii 41. Mizigo ikifungwa juu ya paa hata kitovu kikafika sentimita 90, hazibaki ila digrii 38. Porini digrii hizo hupungua zaidi, kwa kuwa springi za upande wa chini hulala na gurudumu la juu hupanda jiwe. Kwa hiyo gari liinuliwe kwa kiasi kidogo kinachotosha, na vitu vizito viwekwe chini.

KULIJARIBU

Kazi ikiisha, gurudumu moja la mbele lipandishwe polepole juu ya jiwe pana lisiloyumba, huku msaidizi akisimama mbali kidogo na kuyatazama matatu yaliyobaki. Yote yakiwa yamekanyaga ardhi, wala tairi haligusi bodi, kazi ni njema. Gurudumu likiinuka mapema, springi ni ngumu mno, hata kama gari linapendeza kulitazama.

Tena asiyekuwa na fedha za springi asikate tamaa. Matairi yakipunguzwa upepo kwa kiasi katika mchanga au mawe, hulala na kuishika ardhi vizuri, na kazi hiyo haina gharama ila ya kuyajaza tena kabla ya kurudi katika barabara ya mbio. Naye mwenye kutaka kulibadili gari lake amwulize kwanza mkaguzi wa magari, na kampuni ya bima yake pia. Akiisha kulibadili, alipeleke kwanza katika njia aijuayo, bila abiria, aguse kila bolti jioni; ndipo awapakie watu.