Kabla hujapanda treni ya Mombasa, pita Biashara Street

Kila mwaka Desemba ikikaribia, kuna kikundi cha WhatsApp unaingizwa bila kuulizwa. Jina lake lazima liwe na neno "Coasto". Watu wanachanga pesa, wanagombania vyumba, mmoja anajitoa dakika ya mwisho, halafu mnafika Mombasa na kukaa siku nne mkizungukwa na wasee wale wale mliowaacha Westlands. Ukirudi mtaani na kuulizwa Mombasa ilikuwaje, unasema "joto".

Kuogelea si vibaya. Lakini Pwani si maji tu. Pale kuna watu, na wana namna yao ya kusalimiana, kuvaa, kula na kuuziana vitu, waliyokuwa nayo kabla Nairobi haijakuwa hata kituo cha reli. Sisi wana jina la kutuita: watu wa bara. Mara nyingi ni utani. Mara nyingine utasikia uchovu ndani yake, ule wa mtu ambaye kila likizo anageuzwa pambo kwenye picha za mgeni asiyemjua na ambaye hakumsalimia.

Sasa, ugeni unaweza kuufanyia mazoezi hapa hapa tao, kwa nauli ya matatu tu.

Ukiwa Kawangware panda 46. Ukiwa Kangemi panda chochote kinachoteremka Waiyaki Way. Shuka tao, tembea hadi City Market, kati ya Muindi Mbingu na Koinange. Wengi tunaijua kwa maua na vinyago. Wewe fuata harufu hadi kwa samaki, uliza yupi ametoka ziwani na yupi ametoka baharini, na uulize anapikwaje. Muuzaji akiona unataka kujua kweli, atakueleza hadi nazi inatiwa lini. Kando yake tu ni Msikiti wa Jamia. Kama ni Ijumaa saa saba mchana, tulia kwanza: watu wako kwenye swala, na baadhi ya maduka ya karibu hufungwa kwa muda. Huko Mji wa Kale utakuta hivyo hivyo, kwa hivyo zoea mapema.

Kisha ingia Biashara Street, ambayo zamani ikiitwa Bazaar Street. Hapa ndipo leso ziko. Usipite haraka.

Leso ina mambo matatu: pindo, yaani ule mkanda wa kuzunguka; mji, yaani katikati; na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini. Huuzwa mbili mbili, na jozi hiyo ni doti. Neno lenyewe limetoka kwa Wareno, walioita hivyo vitambaa vya mkononi, na katika karne ya 19 wanawake wa Pwani wakawa wanaviunganisha kwa kushona ili wapate nguo nzima. Angalia pia kama utaona maneno "Mali ya Abdulla". Hiyo ni alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka wa 1887, na wengi husema ndilo lililoanzisha mtindo wa kuandika methali na mafumbo kwenye leso.

Na hayo maneno si urembo. Rafiki yangu mmoja wa Kangemi alikuwa anaenda Mombasa kujitambulisha kwa wazazi wa msichana wake. Nilimsindikiza kununua zawadi. Akaingia dukani, akaona leso moja ya rangi ya machungwa, kali sana, akasema, "Boss, hii ni ngapi?"

Mzee wa duka, mwenye kofia na kanzu, akamjibu, "Hujambo?"

Jamaa akacheka kidogo, akaanza upya. Shikamoo. Marahaba. Habari za asubuhi, habari za nyumbani, za kazi je. Hayo yalichukua kama dakika moja. Ndipo mzee akauliza leso ni ya nani.

"Ya mama mkwe. Yaani, nikipewa msichana."

"Basi si hii, mwanangu. Hii wampelekea jirani mliyekosana. Soma."

Tukasoma. Kweli, maneno yalikuwa ya kumsuta mtu mwenye wivu. Hebu fikiria kijana wa bara, siku ya kwanza, anamkabidhi mama mwenye nyumba tusi lililokunjwa vizuri ndani ya karatasi ya zawadi. Mzee akatoa nyingine tano hivi, akawa anazisoma moja moja kwa sauti na kueleza ipi ni ya shukrani, ipi ni ya dua, ipi ni ya mapenzi (hiyo ya mapenzi akaiweka mbali, akisema itanunuliwa baadaye). Jamaa alichukua ya dua. Baadaye aliniambia mama yule alisoma maneno kwanza, rangi akaziangalia mwisho.

Mimi niliacha chuo, lakini somo kama lile la mzee sijawahi kulisikia darasani, na lilikuwa la bure.

Salamu hizo ndizo nauli yako ya pili. Nairobi tunasema "nipee". Pwani jaribu "naomba". Aliyekuzidi umri si "buda" wala "mathe", ni mzee, ni mama, na shikamoo haijawahi kumpunguzia mtu urefu. Hata bei hushuka kwa urahisi zaidi mkishajuliana hali. Picha ni vivyo hivyo: mwombe mtu kabla hujainua simu, na akikataa, irudishe mfukoni bila kununa.

Kuhusu tumbo: asubuhi mtaani tunakula mandazi na chai. Mahamri ni ndugu yake aliyesoma. Unga wake hukandwa kwa tui la nazi na iliki, na ukiyachana yana nafasi ndani, kwa sababu hapo ndipo mbaazi za nazi zinakaa. Mombasa, uliza Mji wa Kale wanayauza wapi asubuhi. Jioni tafuta kahawa chungu inayomiminwa kutoka kwenye dele, ukae kwenye benchi na wazee, na usikilize kuliko unavyoongea.

Kuna pia Marikiti. Yetu ya Haile Selassie ni nyanya, kabeji na mikokoteni inayotaka kukukanyaga. Yao iko Digo Road, jengo ni la 1914, na unaanza kunusa karafuu, mdalasini na iliki kabla hujaliona. Chukua bizari ya pilau umpelekee mama yako, badala ya tisheti iliyoandikwa Mombasa. Suruali fupi na vesti acha ufuoni. Mji wa Kale watu wanaishi, na ni mtaa wa mtu kama vile Kawangware ilivyo yako.

Nauli ya treni daraja la kawaida ilipandishwa hadi shilingi 1,500 mwanzoni mwa 2024, kwa hivyo panga mapema, Desemba tiketi huisha. Ile ya asubuhi hutoka Syokimau saa mbili. Kutoka upande wetu wa magharibi, ukihesabu msongamano wa magari, saa kumi na moja uwe barabarani.